Gari Lililokataa Kuwaka Mchana

Simu ililia saa saba mchana, na Priscilla akajua kabla ya kuitoa mfukoni kwamba gari limekataa tena. Alikuwa ameinama kwenye mizani akimpimia mteja pumba za mahindi. Alimaliza kupima kwanza, akafunga mdomo wa mfuko kwa kamba, akampa mteja chenji yake, ndipo akapokea.

"Mama Melvin," Makokha mumewe akasema, "hii gari imekataa kuwaka. Nitachelewa kidogo."

"Iko wapi?"

"Niko tu hapa Kajiado."

"Nimeuliza gari. Sijauliza wewe."

"Iko hapa na mimi," akasema Makokha, na nyuma ya sauti yake mwanamke akacheka, kicheko cha mtu aliyeshiba na asiyeogopa mtu. Simu ikakatika.

Caro, anayeuza nguo za watoto kibanda cha pili, hakujifanya kwamba hakusikia. Caro hana mazoea ya kujifanya. Alisogeza kiti chake karibu na magunia, akauliza ni mara ya ngapi wiki hii. Priscilla akamwambia ni ya tatu. Akauliza kama asubuhi gari liliwaka. Priscilla akasema liliwaka.

Na hapo ndipo mwiba ulipokuwa. Pikapu ile ilikuwa kuukuu kweli, ilishapita mikononi mwa watu wanne kabla yao, lakini kila alfajiri hapo kwenye ploti yao Kitengela iliwaka mara moja bila hata kukohoa. Priscilla mwenyewe alishatoka nje na leso kiunoni akazungusha ufunguo mara tatu, na mara zote tatu ikanguruma. Mafundi watatu waliitwa. Wa kwanza akabadilisha vichwa vya betri. Wa pili akaishusha stata, akaisafisha, akairudisha. Wa tatu akasema betri ndiyo imezeeka, wakanunua mpya kwa pesa zilizokuwa za karo ya Melvin, na Melvin akabaki nyumbani siku nne akimaliza mkate. Siku mbili baadaye Makokha akapiga simu kutoka Kajiado, gari limekataa. Gari lilikuwa zima Kitengela na gonjwa Kajiado. Ni ugonjwa gani huo unaojua mpaka wa mji?

Jioni ya simu hiyo Priscilla alimwambia mumewe, mbele ya mpangaji wa mlango wa pili, kwamba betri ni mpya na stata ni safi, basi kilichobaki kibovu ni dereva. Tangu siku hiyo Makokha aliacha kueleza mambo ya waya. Akawa anasema tu, "Imekataa, nitachelewa," na Priscilla akahesabu kunyamaza huko kuwa ni ushahidi.

"Dada," Caro akamwambia sasa, "kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nimemaliza."

Hakuwa amemaliza, lakini mteja alikuja.

Lilikuwepo jambo ambalo Makokha hakulijua, wala mafundi wake watatu. Mwezi wa tatu, alipokwenda Bungoma kumzika baba yake mdogo, aliliacha gari nyumbani. Priscilla alibaki kwa sababu ya duka. Wiki moja kabla ya hapo Makokha alikuwa amerudi usiku akinuka nyama choma, akakataa chakula, akasema hana njaa tu. Kwa mke mwingine hilo lingepita. Priscilla lilimkaa kooni. Caro akamletea kijana mmoja mwenye mkoba mgongoni, mwepesi wa mikono na maneno, akaingia chini ya usukani kwa dakika arobaini, akatoka akijifuta jasho na kumwonyesha Priscilla ramani kwenye simu ya Priscilla mwenyewe. Traka, kidude cha kulifuatilia gari. Gari likawa nukta ya kijani. Kijana akamwambia kwamba hata akitaka lisiwake kabisa, atabonyeza tu hapa. Priscilla akamwambia hataki makuu, anataka tu kuona, na mtu akikigusa kile kidude simu ipige kelele.

Mwanzoni nukta ilizurura kama ilivyopasa. Gari kazi yake ilikuwa kupeleka chakula cha mifugo, na nukta ilipita duka hadi duka, ikatoka nje ya mji kwenye maboma ya wafugaji, ikarudi. Priscilla aliitazama akipika, akaitazama kanisani wakati wa matangazo. Halafu mwezi wa tano ikaacha kuzurura. Ikawa inafika Kajiado saa nne, inakwenda moja kwa moja nyuma ya jengo fulani, na inakaa hapo. Masaa matatu. Masaa manne. Siku nyingine hadi jua linaegemea. Wateja wa chakula cha ng'ombe hawakai wote mahali pamoja, hilo hata mtoto analijua.

Alimwuliza dereva mmoja wa lori la Namanga, mteja wake wa siku nyingi, kwa namna ya mtu asiye na haja, pale nyuma ya jengo lile la Kajiado pana nini. Dereva akasema pana hoteli ya mama mmoja Mkamba anaitwa Nthenya, mjane, anapika vizuri sana. Priscilla akamshukuru, na akakosea kumpimia kilo mbili nzima.

Hakulala vizuri juma lile. Miaka kumi na saba aliyoolewa ilikuja ikakaa kifuani. Alimpenda Makokha, hilo hakulificha hata moyoni mwake, na kwa sababu alimpenda hakutaka kuwa mke wa kuambiwa na watu. Akakata shauri. Angemfuata bila kumwambia. Akimkuta na mwanamke, pikapu iliyonunuliwa kwa pesa za chama chake cha akiba ingerudi Kitengela bila Makokha, na mlango angeukuta umefungwa. Na ili asiambiwe tena hadithi za stata, angekwenda na fundi wake mwenyewe.

Fundi huyo alikuwa mzee Gitonga, mtu wa umeme wa magari, shemasi kanisani kwao, mwembamba na mkavu wa maneno. Mzee Gitonga hakuwa na marafiki na hakuwa akiwatafuta. Watu walisema hata gari la mchungaji alilikataa mbele ya mchungaji, akasema linafaa kuuzwa vyuma. Priscilla alimtaka hasa kwa hilo. Alimweleza kwa ufupi kwamba gari huwaka nyumbani na kukataa safarini, na kwamba anataka lipimwe pale pale linapokatalia, hata kama halina kosa. Mzee akamtazama kidogo.

"Mama, unataka nipime gari ama nipime mtu?"

"Gari," akasema Priscilla.

Siku ya Ijumaa simu ililia saa sita na nusu. Makokha akasema atachelewa. Priscilla akasema sawa, kwa sauti tamu iliyomshtua hata Caro. Nukta ilikuwa pale pale. Akafunga duka, akaingia kwenye gari dogo la mzee Gitonga lenye harufu ya petroli na kitabu cha nyimbo juu ya dashibodi, wakashika njia ya Isinya. Njiani mzee aliuliza jambo moja tu, kama amefunga mkanda.

Nyuma ya hoteli ya Nthenya ardhi iliteremka ghafla kuelekea korongo kavu. Pikapu ilisimama pale pua chini, mawe mawili makubwa yamezuia magurudumu ya mbele. Kando yake Makokha alikuwa akimsaidia mtu wa bodaboda kufunga gunia, na mwanamke mnene mwenye aproni alikuwa akimnyooshea kikombe cha chai. Makokha alikuwa anacheka. Priscilla hakukumbuka lini alimwona akicheka vile nyumbani, na kicheko kile kikamuuma kuliko kama angewakuta wameshikana mikono.

Madereva wanne walikuwa wakila kwenye benchi. Priscilla alijua watasikia, akasema hivyo hivyo.

"Kumbe hii ndiyo stata," akasema, akimwonyesha mwanamke yule kwa kidevu.

Benchi ikaguna. Mmoja akacheka na chakula mdomoni. Makokha aligeuka, akamwona mkewe, akamwona mzee Gitonga na sanduku lake la vifaa, na uso wake ukafifia kama wa mtu aliyeitwa jina kwenye baraza la chifu.

Aliyesema ni Nthenya. Aliweka kikombe juu ya boneti, akafuta mikono kwenye aproni bila haraka.

"Mama, karibu. Mimi naitwa Nthenya. Huyu baba anaweka gari hapa kwa sababu ya huu mteremko. Ikikataa, tunaondoa mawe, inashuka, anaingiza gia, inawaka. Sasa mbele ya duka za wateja wake ni tambarare, akizima huko analala huko. Kwa hivyo anazima hapa, magunia yanaenda na bodaboda moja moja, ndiyo maana anachelewa." Akakigusa kile kikombe. "Na chai analipa. Nakwambia kwa sababu naona ni chai umekuja kuhesabu."

Maneno yalikuwa na mantiki, na Priscilla aliyasikia yakiingia, lakini mwenye shaka hata mteremko huuona umechimbwa jana. Kama ni kweli, kwa nini Makokha hakusema? Akamwuliza hivyo, na akamwuliza pia pesa za bodaboda zilitoka wapi. Makokha akasema zilitoka kwenye pesa zake za chakula cha mchana, ndiyo sababu alikuwa akinywa chai tu. Kisha akasema, polepole, kwamba kila alipotaja stata nyumbani alichekwa, na mtu huchoka kuchekwa.

"Mzee Gitonga," Priscilla akasema, "fungua hiyo gari."

"Fungua, mzee," akasema Makokha. "Mimi nimechoka kujisemea."

Mzee Gitonga aliingia, akazungusha ufunguo. Taa za dashibodi ziliwaka vizuri, lakini injini ikakaa kimya kama jiwe. Hata ule mlio mdogo wa tik ambao stata chovu hutoa haukusikika. Kwa miezi mitatu Priscilla hakuwa ameuona ugonjwa huu kwa macho, na sasa aliuona, na madereva wanne waliuona pamoja naye. Mzee alipiga honi, ikalia kwa nguvu hadi kuku wa Nthenya wakatawanyika. Akafungua boneti, akagusa betri kwa taa yake ndogo ya kupimia, kisha akaufuata waya mnene mweusi hadi ulipofungwa kwenye bodi na kuuvuta. Haukutikisika.

"Betri iko sawa," akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

Akamwambia Makokha aweke gia huru na awashe ufunguo bila kuuzungusha hadi mwisho. Akauchomoa waya mwembamba kwenye stata, akachukua kipande cha waya kutoka sandukuni, upande mmoja akaugusisha kwenye betri na wa pili pale alipochomoa. Injini ikanguruma mara moja, pua chini vile vile, na mtu mmoja benchini akapiga makofi.

"Stata iko sawa pia. Zima." Mzee akajifuta vidole. "Ufunguo unaita, na stata haisikii. Kuna mahali katikati sauti inapotea."

Makokha akauliza kwa nini basi asubuhi inawaka. Mzee akasema bado hajui, akalala chali chini ya usukani. Akafungua skrubu tatu, akatoa kifuniko cha plastiki, akaingiza mkono. Priscilla alisimama mlangoni. Alijua sasa mkono ule unakwenda wapi.

Mzee alitoa rundo dogo la waya na kidude cheusi kisichozidi kiberiti, kikiwa na taa ndogo inayopepesa. Waya mwembamba wa stata ulikuwa umekatwa na kupitishwa kwenye kisanduku kingine kidogo cha kulizima gari kwa mbali, na viungo vyake vilisokotwa kwa mkono tu na kufungwa utepe. Utepe ulikuwa umeyeyuka. Mzee akavuta kidogo, kiungo kikaachia.

"Hii si kazi ya kiwanda," akasema. "Ni ya mtu mwenye haraka. Asubuhi kukiwa baridi, hapa panashika. Pakipata joto la injini na hili jua la Kajiado, panaachia. Ukingoja jioni, panashika tena. Mafundi wako walikuwa wanaipima asubuhi, wangeona nini?" Akakigeuzageuza kile kidude. "Na hii ni traka. Nani aliiweka?"

Makokha alikitazama kwa mshangao wa kweli. Akakuna kichwa.

"Labda mwenye gari wa kwanza," akasema. "Ama yule aliyetuuzia. Si ndiyo, mama Melvin?"

Alimpa mlango wazi wa kutokea, na hakujua kama amempa. Priscilla akawatazama madereva, akamtazama Nthenya aliyekuwa amefunga mikono kifuani, akamtazama mume wake aliyekuwa na jasho na vumbi la pumba kwenye nyusi.

"Ndiyo," akasema. "Lazima ni huyo."

Mzee Gitonga akachukua koleo, akakata waya wa kile kidude. Mkoba wa Priscilla ukalia.

Ulilia kwa sauti kali, mara tatu, sauti aliyoichagua mwenyewe siku ile ya traka ili asiikose dukani hata mashine ya kusaga ikiwa inanguruma. Mzee, kwa uaminifu wake wa kazi, akafikiri labda amekata waya usiofaa, akaugusisha tena. Taa ikapepesa. Mkoba ukalia mara moja. Akautoa ule waya. Mkoba ukalia mara tatu. Ndipo mzee alipoelewa, akabaki akitazama koleo lake kama kwamba ndilo lililomwaibisha.

Makokha akanyoosha mkono. Priscilla akafungua mkoba, akampa simu. Aliitazama kwa muda mrefu, akiipa kivuli kwa kiganja cha pili ili aione vizuri juani.

"Huyu wa kijani ni mimi?"

"Ni wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoenda Bungoma."

Akahesabu, si kwa hasira, bali kama mtu anayetafuta mahali alipoangusha kitu. "Nilirudi Jumapili. Jumanne ndiyo ilikataa kuwaka mara ya kwanza. Nilikuwa kwa mteja wangu ole Saitoti, nikasukumwa na watoto wake." Akamrudishia simu. "Na ile betri tumenunua, na Melvin akakaa nyumbani."

Priscilla aliona aibu, aibu nzito ya kumfanya mtu atamani ardhi iliyoteremka vile iendelee kuteremka naye. Akasema, "Baba Melvin, nisamehe." Alilisema kwa sauti ndogo, na papo hapo akakumbuka kwamba lile la stata alilisema kwa sauti kubwa.

Makokha alimgeukia Nthenya, akavua kofia.

"Mama Nthenya, utusamehe. Umeingizwa kwa mambo ya nyumba ya watu."

Nthenya akasema hakuna neno. Kisha akachukua kile kikombe cha chai kilichokwisha kupoa juu ya boneti, akakimwaga korongoni, akaingia ndani.

Mzee Gitonga aliunga waya moja kwa moja kwa risasi iliyoyeyushwa, akaufunga vizuri, akaliwasha gari mara tano likiwa moto. Liliwaka mara zote tano. Priscilla mwenyewe alimwambia akiondoe kabisa kile kidude, na jioni ile alikitupa katika pipa la taka na kuifuta ile ramani kwenye simu. Aliyasema haya yote kwa mumewe wakati wa chakula. Makokha alisema ni sawa. Hakugomba, hakulala kochini, hakumwambia mchungaji. Priscilla angeshukuru kama angegomba.

Jumatatu iliyofuata, saa mbili na robo asubuhi, simu yake ililia dukani.

"Mama Melvin, nimefika Isinya. Nashusha magunia mawili."

Akasema sawa. Saa tatu ikalia tena, ametoka Isinya. Saa nne kasorobo, amefika Kajiado, yuko duka la kwanza, amezima gari. Saa nne na dakika ishirini, gari limewaka, anaelekea kwa ole Saitoti. Siku ile alipiga mara tisa. Siku ya pili mara kumi na moja. Hakuwa na kejeli sautini, hata chembe. Alitoa taarifa kwa adabu kamili, kama karani anayemsomea mkubwa wake, na Priscilla asipopokea aliandika ujumbe wenye saa na mahali. Usiku Priscilla alimwomba aache. Alimwambia amekosa, amejua amekosa, afanye nini zaidi. Makokha akamwambia hana ubaya naye, akazima taa.

Wiki ya tatu Caro alikuwa amekaa juu ya gunia tupu wakati simu ilipolia mara ya sita. Akatikisa kichwa kwa wivu.

"Wewe una bahati. Wangu nikimpata mara moja kwa siku nashukuru Mungu."

Priscilla alimaliza kupima, akapokea.

"Nimetoka Isinya," Makokha akasema. "Gari iko sawa."

"Sijakuuliza, baba Melvin."

"Najua hujaniuliza."

"Basi njoo tu nyumbani. Usinipigie tena, njoo tu."

Kwenye simu alisikia injini ikinguruma vizuri, bila kukosa hata pigo moja.

"Nikifika nitakwambia," akasema Makokha, akakata.